Jina la Tano kwenye Bamba la Shule

Nilimkuta Monga amefika herufi ya nne ya jina langu.

Fundi huyo alikuwa amepiga magoti mbele ya bamba la saruji, patasi mkono mmoja na nyundo mwingine, nyusi zake zimekuwa nyeupe kwa vumbi. N, G, A, N. Juu ya herufi hizo yalikuwepo majina manne yaliyokwisha kuchongwa na kupigwa brashi, na juu kabisa maneno ya Kifaransa yaliyosema kwamba shule yetu inawakumbuka wanafunzi wake wa zamani waliokufa wakiitumikia nchi. Wanafunzi wangu wa darasa la tano ndio walionitoa darasani. Waliruka madawati wakipiga kelele, "Maître, bamekuandika na bafu!" Walikuwa wakicheka kwamba mwalimu wao ameandikwa pamoja na wafu. Nikatoka nao, chaki bado mkononi.

"Bonjour, Maître," Monga alisema bila kugeuka. "Minyi nafuata karatasi tu. Lakini batoto banasema ile jina iko yako."

"Iko ya majina yangu," nikamjibu. Kwetu Kamina mtu mnayeitwa naye jina moja humwita majina yako. "Mutu mwingine. Wa zamani."

"Aa. Pole, basi."

Akaweka patasi mahali pake, akaanza D.

Uongo ule ulinitoka kama sala ya kabla ya chakula, bila kufikiri. Nimefundisha hesabu miaka kumi na mitatu. Mtoto akiniandikia jibu bila kuonyesha njia aliyolipata, namkata alama, hata jibu likiwa sawa. Na mimi mwenyewe nilikuwa na jibu ambalo njia yake sikuwahi kumwonyesha mtu. Jina lilikuwa langu, herufi kwa herufi: Ngandu Kabamba Maurice. Aliyekufa hakuwa mimi. Alikuwa Zuberi Kiza, rafiki yangu, aliyenizidi kwa kila kipimo ninachokijua isipokuwa hesabu.

Hesabu, masikini, hakuzijua kabisa.

Tulikaa dawati moja miaka sita. Baba yake alitoka upande wa Maniema na biashara ya vitambaa, akafia hapa Kamina, akamwachia mkewe, Mama Sauda, meza ya vitenge sokoni na mtoto mmoja. Baba yangu alikuwa fundi wa injini za treni. Sisi tulikwenda kanisani Jumapili, wao msikitini Ijumaa, na siku za Idi mimi ndiye niliyekula kuliko wenye sikukuu. Zuberi alikuwa na miguu mirefu na mwili usiojua kutulia. Tukitoka shule alikimbia juu ya chuma cha reli, si kando yake, juu yake, kutoka kwenye ghala hadi kwenye ishara, asiteleze hata mara moja. Siku moja behewa tupu lilianza kutembea lenyewe kwenye mteremko, likielekea kina mama waliokuwa wameanika mihogo relini. Watu wazima walipiga mayowe. Zuberi alikimbia, akarukia ngazi, akazungusha gurudumu la breki mpaka behewa likasimama. Kisha akashuka akauliza kama kuna mtu ameona kiatu chake cha kushoto.

Mtihani wa serikali ulimshinda mara mbili. Mimi niliupita kwa asilimia hamsini na mbili, na baba akachinja bata.

Mwaka uliofuata wakaja waandikishaji wa jeshi, wakitafuta vijana wenye diploma, cheti cha mtihani ule, wa kufundishwa usajenti. Zuberi alikuwa akiliota jeshi tangu utotoni, lakini hakuwa na diploma. Mimi nilikuwa na diploma, na nilikuwa na mdomo. Baba alikuwa ameniambia mbele ya wageni kwamba mimi ni mtu wa kukaa tu, nitakaa mpaka niote uyoga. Kesho yake nikaenda kujiandikisha kwa hasira. Wiki nzima nilitembea mjini kifua mbele, na wasichana waliniaga mara mbili mbili.

Asubuhi ya kuondoka, lori lilisimama mbele ya uwanja wa shule, na afisa akaanza kuita majina kutoka kwenye orodha yake. Mimi nilikuwa nyuma ya vyoo. Sitaki kuipamba habari hii: niliogopa kufa, niliogopa kwa mwili mzima, meno yakigongana na jua limeshawaka. Zuberi alikuwa amekuja kuniaga. Alinitafuta huku na huku, akanikuta nimechuchumaa, bahasha yenye diploma nimeikumbatia.

"Banakuita," alisema.

"Siwezi, Zuberi."

Alinitazama. Nilingoja anicheke, maana sisi tulichekana kwa kila kitu. Hakucheka. Tukasikia jina langu likiitwa mara ya pili kule uwanjani.

"Kweli hauwezi?"

"Siwezi."

"Leta basi ile karatasi."

Diploma haikuwa na picha. Aliichukua bahasha mikononi mwangu taratibu, kama mtu anavyochukua mtoto aliyelala, akatoka mbio. Jina likaitwa mara ya tatu. "Présent!" Sauti yake ilinifikia pale vyooni, kubwa na safi. Lori likaondoka.

Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo wasemavyo. Mimi nililichuma, akaenda kulila mwenzangu peke yake, na siku ile nilifurahi. Naye alifurahi, hilo nalo ni kweli. Alikuwa amepata alichokuwa akikililia miaka yote. Lakini furaha yake ilikuwa ya mtu anayekwenda, na yangu ilikuwa ya mtu aliyejificha. Nilikimbilia kwa mjomba wangu kule mjini Luena, nikakaa miezi minane. Niliporudi nilisema jeshi limenirudisha kwa sababu ya macho, na ili watu waamini nikanunua miwani. Macho yangu ni mazima. Miwani hiyo niliivaa hadi siku za bamba lile.

Alikuwa akinipigia simu Jumapili. "Allô, iko Zuberi?" alianza, nami nilimkubalia, "Njo minyi. Habari, Maurice?" Tulicheka mpaka vocha ikaisha. Alipata usajenti kwa mwaka mmoja. Askari wake walimwita Momo. Walipelekwa mashariki, vitani, naye hakuniambia mengi ya huko. Aliniambia mvua haikatiki, viazi ni vitamu, na kuna askari mmoja anayekoroma kuliko treni ya madini. Mara moja tu nilimwuliza kama hanichukii. "Nikuchukie ya nini?" alisema. "Jina yako inatembea muzuri huku. Naichunga." Nilikaa na maneno hayo siku nyingi, na nilikuwa na haya nayo kwa sababu mimi sikuwa nalichunga la kwake hata kidogo.

Alikufa miaka saba baada ya lori lile, yaani miaka kumi na miwili kabla ya siku niliyomkuta Monga. Kikosi chake kilikuwa kinawatoa wanakijiji kwenye mlima uliokuwa unashambuliwa, na njia ya kutoka ilikuwa moja, daraja la miti juu ya mto. Zuberi alibaki upande wa adui na bunduki kubwa, watu wakivuka nyuma yake. Walivuka kina mama na watoto, wakavuka wazee, wakavuka askari wanane. Yeye hakuvuka. Askari mmoja wa wanane hao alichukua simu yake, akatafuta namba iliyoandikwa Mama, akapiga. "Iko mama ya Maurice?" aliuliza. Na Mama Sauda, katika duka lake la meza moja, alisema ndiyo.

Alijua. Zuberi alikuwa amemweleza yote mwezi wa kwanza, kwa sababu hakuweza kumdanganya mama yake, na akamwapisha asimwambie mtu. Hakumwapisha kwa ajili yake mwenyewe. "Bakijua, batamufunga Maurice," alimwambia. Hata kiapo alikiweka kwa ajili yangu.

Alasiri ile Mama Sauda alikuja kwetu, akasimama mlangoni, hakukubali kiti. Alinipa habari. Msikitini walimsomea hitima kwa jina lake, na watu wakaambiwa alifia safarini mashariki. Mwezi mmoja baadaye alikuja tena, na picha katika simu. Kaburi la udongo mwekundu, msalaba wa mbao, na juu ya msalaba, kwa rangi nyeusi, NGANDU K. MAURICE.

"Ona fasi mutoto wangu analala," alisema. Akaifunga simu katika ncha ya kitenge chake, akaenda.

Tangu siku hiyo nilikuwa nazunguka soko zima kwa nyuma, kupitia kwa wauza mkaa, nisipite mbele ya meza yake. Miaka kumi na miwili ya kuzunguka. Viatu nilivyovimaliza kwenye njia hiyo sivijui idadi.

Sasa bamba. Wazo lilikuwa la mwalimu mkuu wetu mpya, Mama Prefe Valérie, mwanamke mfupi aliyetoka Malemba-Nkulu, ambako aliendesha shule miaka ile ya wanamgambo wakati hata wenye ofisi zao walikuwa wamekimbia kwa mitumbwi. Mtu wa namna hiyo haogopi kitu, na hapendi fujo. Aliona kuta za shule yetu zimejaa picha za wakurugenzi, hakuna mtoto hata mmoja aliyekumbukwa. Akaandika barua jeshini, akapewa majina saba ya wanafunzi wa zamani waliofia kazini, na orodha akampa Monga, mchonga makaburi, papo hapo kabla hajaisoma vizuri. Nilimheshimu sana kwa jambo lile, na nilimwogopa zaidi.

Alitoka ofisini kwake Monga alipokuwa anamaliza E ya mwisho ya Maurice.

"Maître Maurice! Basoda bamekuua!" Alicheka kwamba jeshi limeniua, watoto wakacheka.

Nikarudia wimbo wangu wa majina yangu. Akaacha kucheka.

"Nimefungua registre yote, tangu mwaka ya sabini. Ngandu Kabamba Maurice iko mumoja tu. Na iko mbele yangu, na miwani." Akamgeukia Monga. "Iko erreur. Ule wa tano uzibe na ciment. Samedi nitasoma sita." Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kulizindua bamba.

Nilirudi darasani, nikaandika ubaoni hesabu ambayo jibu lake nililikosea, na mwanafunzi mmoja akanisahihisha. Nilikuwa nawaza hivi: mashariki Zuberi analala chini ya jina langu, na hapa, kwenye shule aliyokaa miaka sita, jina lile lenyewe linazibwa. Nikinyamaza siku tatu tu, hatakuwepo popote. Na mimi nitaendelea kulipwa heshima ya Maître kila asubuhi. Nikisema, mbele ya jeshi na wazazi, naweza kupoteza kazi, naweza hata kufungwa, na mji mzima utajua nilikuwa wapi lori lilipokuja. Hicho cha mwisho ndicho nilichokiogopa kuliko gereza. Aibu ina nguvu ajabu, hata ya miaka kumi na tisa.

Masomo yalipokwisha nilimkuta Monga ananingoja langoni, ameketi juu ya mfuko wa saruji. Ndoo yake ilikuwa kavu.

"Haukuziba?"

"Minyi nachonga makaburi tangu kijana," alisema. "Baba yangu alinifundisha. Fundi anaandika jina, fundi hafute jina. Mwenye jina njo anatuma kufuta. Mama Prefe haiko mwenye jina."

"Nani basi?"

"Njo nakungojea weye. Kama jina iko yako, uniambie: ziba. Naziba sasa hivi, naenda kula. Kama haiko yako, wende umuone mwenye yake."

Hakuwa ananitega. Alikuwa anafuata kazi yake, kama nami ninavyoifuata kanuni ya pembetatu. Nimewajua watu wengi wenye vyeo, lakini mtu mnyoofu kama yule fundi mwenye kucha za saruji sijakutana naye tena.

"Acha kwanza," nikasema.

"Mpaka samedi," akasema, akabeba mfuko wake.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda sokoni, safari hii kwa mbele. Mama Sauda alikuwa anakunja vitenge. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotazamia, maana nilikuwa nikimwona kwa mbali tu. Nilimsalimia, akaitikia bila kuacha kukunja. Nikamweleza bamba, majina saba, barua ya jeshi, amri ya Mama Prefe.

"Banataka kumufuta," alisema.

"Njo vile, mama. Kama minyi nanyamaza."

"Na kama unasema?"

"Basoda batakuya. Banaweza kunifunga. Banaweza kubauliza hata beye, mama."

"Minyi iko na miaka sabini. Baniulize." Alikilaza kitenge juu ya vingine, akakipapasa mikunjo. "Weye umekuya kuniuliza nini, kweli? Unataka niseme: sema? Ao unataka niseme: nyamaza?"

Ndicho hasa nilichokuwa nimekuja kutafuta: mtu wa kunibebea uamuzi. Nilikuwa nimezoea kubebewa. Aliliona hilo kabla yangu.

"Mutoto alinifunga na kiapo, nikanyamaza. Kile kiapo iko yangu, haiko yako. Kesho nitakuya, nitaikala na bamama bengine. Weye utaona."

Akaja mteja, mwanamke aliyetaka rangi ya njano, na Mama Sauda akamtandazia tatu. Nikaondoka.

Jumamosi waliweka maturubai uwanjani. Familia zilikaa mbele, wanafunzi nyuma na pembeni, bamba limefunikwa kitambaa cha bluu. Kwenye meza ndogo palikuwa na sahani ya pemba, ule udongo mweupe ambao Waluba humpakia mtu wa kuheshimiwa. Utaratibu ulikuwa huu: Mama Prefe asome jina, mkubwa wa familia ainuke, achovye kidole, apitishe pemba ndani ya herufi za mtu wake. Jeshi lilimtuma Adjudant mmoja, askari wa cheo cha juu ya sajenti, kutoka mashariki, mtu wa makamo mwenye goti lisilokunjika vizuri. Nilikuwa karibu alipojitambulisha. "Minyi naitwa Bolingo," alimwambia Mama Prefe. "Niliomba njo minyi nitumwe. Nimekuya juu ya Momo."

Nilikaa kwenye benchi la walimu.

Kitambaa kilivutwa. Majina yote saba yalikuwepo, la tano zima kabisa. Mama Prefe alimtupia Monga jicho ambalo lingemkausha mtu mwingine. Monga alikuwa anatazama mawingu. Mama Prefe akasoma la kwanza, mzee mmoja akainuka, akapaka. La pili, la tatu. La nne lilikuwa la kijana wa Mulongo, na dada yake alilia akipaka hata pemba ikachanganyika na machozi. Kisha Mama Prefe akavuta pumzi na kusoma la sita.

Adjudant Bolingo aliinua mkono. "Madame, pardon. Umeruka Ngandu."

"Ile iko erreur, Adjudant. Ngandu Maurice hakufa. Njo ule pale, professeur wetu."

Alininyooshea kidole. Watu wote wakageuka. Bolingo aligeuka pia, akanitazama kuanzia viatu hadi miwani, bila haraka.

"Ule haiko Maurice," alisema.

Nimeitwa mambo mengi maishani, lakini hakuna neno lililowahi kunipiga vile. Kwa sababu lilikuwa haki. Yule mtu alikuwa ameishi na Maurice miaka, amelala naye mvuani, amevuka daraja nyuma ya mgongo wake. Alimjua Maurice ni nani, na hakuwa mimi. Nilimtafuta Mama Sauda kwa macho. Alikuwa safu ya tatu, ukaya wake mweupe, mikono mapajani. Hakunitazama. Alikuwa analitazama bamba.

Nikainuka.

"Adjudant iko na haki," nilisema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, nikaanza upya. "Ule alikufa kwa daraja alikuwa anaitwa Zuberi Kiza. Alisoma hapa, miaka sita, pamoja na minyi. Jina na diploma vilikuwa vyangu. Minyi njo nilijiandikisha. Siku ya kuenda, banaita jina yangu mara mbili, minyi nilikuwa nyuma ya choo, naogopa. Yeye akaitika mu fasi yangu. Haikuwa erreur ya basoda. Mama yake njo ule pale."

Niseme ukweli, nilitazamia nitalia, au nitaanguka. Sikuanguka. Nilivua miwani, kwa sababu ilinielea kwamba nayo ni sehemu ya uongo, nikabaki nimeishika.

Bolingo alianza kutembea. Nilidhani anakuja kunikamata, nikaweka mikono mbele. Alinipita. Alikwenda na lile goti lake hadi safu ya tatu, akavua bereti, akainama mbele ya Mama Sauda mpaka akawa chini kuliko yeye.

"Mama," alisema, "kumbe njo maana hakukunywa pombe hata siku moja. Alikuwa anaenda pembeni, anaosha miguu, anainama. Sisi tulisema Momo iko na mambo yake. Hatukumuuliza." Akamwonyesha viganja. "Mama, ule musalaba, minyi njo nilipigilia. Na mikono hii. Karatasi ilisema Maurice. Munisamehe."

Mama Sauda alimtazama muda mrefu. Sikuwahi kuona uso wa mtu ukiwa umetulia vile na kuumia vile kwa pamoja.

"Mbao ulitoa wapi?"

"Mu sanduku ya masasi, mama. Hatukukuwa na ingine."

"Na yeye, mulimufunika?"

"Nilimufunika na koti yangu ya mvua. Ilikuwa mupya. Nilimufunga muzuri, kichwa mpaka miguu."

"Kichwa mpaka miguu," alirudia.

"Ndiyo, mama."

"Basi ile njo ilikuwa sanda yake." Alimshika Bolingo mkono, akamvuta aketi kwenye benchi kando yake. "Asanti, mwanangu. Ulimuzika."

Pale ndipo watu walipolia. Mimi pia, na Mama Prefe, ambaye alijipangusa kwa orodha ya majina.

Yeye ndiye aliyerudi kazini kwanza. Alikwenda mbele ya Mama Sauda, akamwuliza kwa heshima afanye nini na mstari wa tano: azibe, achonge upya? Monga alisogea, ndoo mkononi, maana sasa mwenye jina alikuwa amepatikana.

"Muiache," Mama Sauda alisema. "Bale bote alibavusha banamujua na ile jina. Bakikuya kumutafuta, batamutafuta na ile. Chini yake muandike Zuberi Kiza."

"Lundi nitaandika," Monga alisema, yaani Jumatatu.

"Leo."

Kati ya mstari wa tano na wa sita palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Monga alipiga magoti. Yapata saa nzima tulikaa pale juani, familia saba na shule nzima, tukisikiliza nyundo. Hakuna aliyeondoka, hata wale wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao hawawezi kukaa dakika kumi kwenye misa. Herufi zilikuwa ndogo kuliko nyingine, lakini Monga alizichonga kwa kina zaidi. Alipomaliza alipuliza vumbi, akampisha mama. Pemba si desturi ya dini yake, lakini ameishi Kamina miaka hamsini na anajua maana yake. Alichovya kidole, akaanza Z, polepole, asiruke kona.

Mambo ya karatasi yalikwenda yalivyokwenda. Bolingo alisema ataandika ripoti ya alichokiona na alichokisikia, na najua aliiandika. Umepita mwaka, sijaitwa. Mama Prefe aliniita ofisini Jumatatu, akanisema dakika arobaini bila kuketi, kisha akaniambia darasa la tano linaningoja. Mjini wapo wanaonicheka, na wana haki. Wapo pia wanafunzi wanaosimama mbele ya bamba wakibishana ni umbali gani mtu anaweza kukimbia juu ya chuma cha reli, kwa sababu sasa nawasimulia. Nawasimulia yote, behewa, na kiatu, na vyoo.

Lakini siku ile, baada ya pemba kupita majina yote saba, watu walikuwa wanapita mbele ya familia kutoa mkono. Sikujua nisimame wapi. Kwa walimu nilikuwa nimejiondoa, na kwa wafiwa sikuwa na ruhusa. Nilibaki katikati ya uwanja, miwani mkononi, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Mama Sauda alikuwa anazungumza na Bolingo. Alikuwa anamwuliza habari za viazi vya huko na mvua. Mara akainua kichwa, akaniona. Katika miaka yote tangu simu ile ya mashariki hakuwa amelitamka jina langu, hata siku aliponionyesha picha ya kaburi, hata sokoni jana yake.

"Maurice!" aliita, kwa sauti ile ambayo kina mama wa Kamina huwaitia watoto wao kutoka mtaa wa pili. "Unasimama pale unaangalia nini? Leta maji. Kaka yako hapa ametoka mbali."

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, mwalimu wa hesabu, suruali ya kupigwa pasi, mbele ya wanafunzi wangu wote. Nilikwenda mbio.